Watoto mia na kumi, ubao mmoja

Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema P4, yaani darasa la nne la shule ya msingi huku Uganda, ina vipindi tisa vya dakika 40: vitatu kabla ya mapumziko ya saa 4:30, vitatu kabla ya chakula cha saa 7:00, na vitatu vya mwisho hadi saa 10:00. Jumla ni saa sita kamili za kufundisha. Mwalimu yeyote wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja au Kyangwali anajua kwamba saa hizo sita hazipo. Kipindi kimoja kinaliwa dakika kumi na ugawaji wa madaftari, kingine dakika kumi na tano na foleni ya uji, kingine chote na mvua juu ya mabati. Kinachobaki ndicho siku yenyewe. Naamini ufundi wa mwalimu wa shule ya msingi uko hapo: kujua ni dakika zipi zenye nguvu, kuzipa kazi ngumu, na kuacha mengine yasubiri watoto wakishachoka.

Nachagua P4 kwa makusudi, maana ni darasa gumu kuliko yote saba. Mtaala wa mada, unaotumika P1 hadi P3 tangu mwaka 2007, humfundisha mtoto kwa lugha ya eneo lake. P4 ni mwaka wa kuvuka: masomo yanatengana, Kiingereza kinaanza kushika nafasi ya lugha ya kufundishia, na kuanzia P5 hakuna kingine. Mtoto mwenyeji wa wilaya ya Isingiro anavuka kutoka Runyankore, lugha ya kwao. Mtoto aliyetoka Kivu au Ituri, mashariki mwa Kongo, anavuka kutoka mbali zaidi, kwenye shule ya Kiswahili na Kifaransa ambako msingi ni miaka sita badala ya saba. Wapo waliokaribia kuimaliza hiyo miaka sita kwao, lakini huku wanapangwa P4 kwa sababu Kiingereza hawakijui, wakiwa na miaka 13 au 14. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa elimu ya msingi sawa na raia, kwa hiyo wote wanakaa dawati moja. Nitachukua mfano wa darasa la watoto 110 kwenye madawati 22, watano kwenye dawati lililotengenezwa kwa watatu. Huku kwetu idadi hiyo haimshangazi mtu.

Kazi ya kwanza inafanyika kabla ya kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini. Ubao wa kawaida ni wa futi nane kwa nne. Uchoree mistari miwili ya wima upate sehemu tatu. Kushoto weka tarehe, mada na maneno mapya yasiyozidi matano. Sehemu hiyo haifutwi mpaka jioni. Katikati ni pa kufundishia, panafutwa na kuandikwa upya kila kipindi. Kulia andika mapema zoezi la kipindi cha kwanza, kisha lifunike kwa gunia lililokatwa au karatasi ya manila. Mwalimu anayeandika zoezi huku watoto wanatazama mgongo wake anapoteza dakika sita au saba, na ndizo dakika ambazo penseli inaibwa, mtu anasukumwa, na darasa linamtoka mikononi.

Herufi ziwe na kimo cha vidole vitatu vilivyolazwa pamoja, zisipungue hapo, la sivyo dawati la mwisho linanakili kwa kubahatisha. Usiandike chini ya usawa wa vichwa vya watoto wa mbele. Kabla hawajaingia, nenda ukachuchumae kwenye dawati la pembeni karibu na dirisha: ubao uking'aa kwa jua usione maandishi, basi na mtoto hataona, hata ukimwita mvivu mwaka mzima. Ubao uliochakaa na kuwa mweupe unaweza kufufuliwa kwa majani ya viazi vitamu yaliyopondwa pamoja na unga laini wa mkaa, ukiusugua Ijumaa jioni ili ukauke Jumamosi na Jumapili. Unga wa betri kavu za redio, ambao watu wamezoea kuutumia, uacheni. Vumbi lake halifai kuvutwa na mtoto.

Jambo la pili ni namba. Kila mtoto katika dawati apewe namba, 1 hadi 5, abaki nayo muhula mzima. Namba 1 ni Jumatatu, namba 2 Jumanne, hadi namba 5 Ijumaa. Mtoto wa siku ndiye anayechukua madaftari ya dawati lake, yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya mgomba, ndiye anayeyarudisha, na ndiye anayesema nani hayupo. Mwendo wa watoto 110 kwenda mezani kwa mwalimu unakuwa mwendo wa watoto 22. Rejista nayo inakuwa nyepesi: kuita majina 110 kwa sekunde nne kila moja kunamaliza dakika saba na zaidi, lakini kusikiliza madawati 22 yakitaja wasiokuwepo ni dakika mbili. Alama ya rejista ya mchana ipigwe kweli, isinakiliwe kutoka ya asubuhi. Mtoto aliyekuwepo asubuhi na kutoweka baada ya saa saba mara nyingi anakueleza kuhusu chakula cha nyumbani kwao, na wiki tatu za alama hizo zinatosha kwenda kuzungumza na mama yake kwa adabu.

Siku ya soko na siku ya mgao wa chakula au pesa darasa linapungua, pengine kwa theluthi. Wakubwa wanabeba mizigo, wadogo wanaachwa na ndugu zao wachanga. Tangu mwaka 2023, mgao ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji wa kila familia, watoto wa nyumba tofauti wanakosekana siku tofauti. Zijue siku hizo mwanzoni mwa mwezi na uziandike kwenye azimio la kazi. Siku hiyo usianzishe mada mpya. Rudia, soma hadithi, pima tahajia. Ukianzisha mada mpya wakati watoto 40 hawapo, utaifundisha mara mbili.

Vipindi vya saa 2:30 na saa 3:10 ndivyo vyenye akili safi. Hata mtoto aliyelala na njaa huwa na nguvu kidogo asubuhi. Ikifika saa tano imekwisha. Viwe vya Hesabu na Kusoma. Shule ikikupangia michezo saa 2:30, mfuate mwalimu wa taaluma mbadilishane, na usichoke kuomba.

Tuchukue kutoa kwa kukopa, mada inayowaangusha wengi P4. Andika 203 – 78. Watoto wengi watakuletea 275. Hawakukisia: wamechukua namba ndogo na kuitoa kwenye kubwa katika kila safu, 8 toa 3 ni 5, 7 toa 0 ni 7, kisha wakashusha 2. Ni kosa lenye mantiki, kwa hiyo halitibiki kwa kusema "rudia tena". Kwanza waulize: ulikuwa na 203, umetoa, umebaki na 275, imewezekanaje? Waache wabishane kwa Kiswahili dakika mbili. Kisha toa vijiti. Unahitaji vijiti 203 tu: mafungu mawili ya mia, kila moja likiwa na vifungu kumi vya kumi kumi vilivyofungwa kwa kamba za mgomba, na vijiti vitatu pekee. Weka watoto watatu mbele, mmoja ameshika mamia, mmoja makumi, mmoja mamoja. Wa makumi mikono yake mitupu, na ni lazima darasa zima liione hiyo mikono. Wa mamoja anaomba kwa jirani, jirani hana, jirani anaomba kwa wa mamia. Fungu moja la mia linafunguliwa, makumi yanakuwa kumi. Kifungu kimoja kinafunguliwa, mamoja yanakuwa 13, makumi yanabaki 9, mamia limebaki moja. Sasa 13 toa 8 ni 5, 9 toa 7 ni 2, na 1. Jibu 125. Fanya mara moja kwa vijiti bila kuandika, mara ya pili vijiti na ubao sambamba, mara ya tatu ubao peke yake. Kinachoharibika ni kuruka hatua ya pili kwa sababu muda unakwenda. Watoto wanakumbuka mchezo wa vijiti lakini hawaoni kwamba ile 9 iliyoandikwa juu ya sifuri ndiyo vile vifungu tisa.

Kuna jambo ambalo walimu waliosomea Uganda pekee hawalitazamii. Mtoto wa Kongo anapogawanya 84 kwa 4 anaandika 84 kushoto, mstari wa wima, 4 kulia, na jibu 21 chini ya ile 4. Sisi tunaweka 4 kushoto, 84 ndani, na 21 juu. Anayesahihisha haraka anapiga mkasi mwekundu, alama ya kosa, kwenye kazi iliyo sahihi kabisa, na mtoto anaamini kwamba hesabu aliyoijua kwao huku imekuwa makosa. Waonyeshe wote njia mbili ubaoni, namba zilezile, upande kwa upande, na useme wazi kwamba zote mbili ni kweli. Kisha wafundishe ya huku taratibu, maana mtihani wa P7 hutoa alama kwa njia pia, na msahihishaji wa mbali hatamjua huyu mtoto. Vilevile koma. Kwake 3,5 ni tatu na nusu. Akiona bei ya shilingi 3,500 anaweza kuisoma tatu nukta tano, na swali zima la duka linaharibika kabla hajaanza kukokotoa. Saba yake ina mstari katikati, moja yake ina mkia mrefu unaofanana na saba yetu. Dakika kumi za wiki ya kwanza zinatosha kuyaweka haya sawa, na zinaokoa machozi mengi.

Shule nyingi za makazi zina mwalimu msaidizi, mara nyingi mkimbizi mwenyewe, anayetafsiri. Ni hazina, lakini wengi wetu tunaitumia vibaya. Kosa la kawaida ni kutafsiri kila sentensi: mwalimu anasema kwa Kiingereza, msaidizi anarudia kwa Kiswahili, kipindi cha dakika 40 kinabeba somo la dakika 20, na ndani ya wiki mbili watoto hawasikilizi tena Kiingereza kwa sababu wanajua Kiswahili kinakuja. Mpe nafasi tatu tu. Kwanza, maelekezo ya kazi kabla hawajaanza kuandika. Pili, neno jipya, tena baada ya watoto kujaribu kulikisia kwa picha au kitendo. Tatu, kueleza kosa kwa mtoto aliyekwama, akiwa ameinama kando ya dawati. Muda mwingine wote azunguke. Watu wazima wawili wanaotembea kati ya madawati wana faida kubwa kuliko wawili waliosimama mbele wakipokezana maneno. Na mpe maandalio ya somo jana yake. Asikutane na maneno mapya mbele ya darasa, maana akitafsiri vibaya neno la Sayansi, watoto 110 wataliandika.

Uji. Kwa watoto 110, kikombe cha robo lita hadi theluthi kila mmoja, hesabu maji lita 35, unga wa mahindi kilo 4 hadi 5, sukari kilo moja na nusu shule ikiweza. Kuni mbichi ndizo adui: zinachelewesha sufuria nusu saa, na kipindi cha saa 5:00 ndicho kinacholipa. Mwalimu wa zamu akague kuni jioni, azihamishie ndani. Kwenye foleni, mgawaji mmoja anayetumia sekunde kumi kwa kila mtoto anahitaji dakika 18. Weka wawili, ni dakika tisa. P1 na P2 watangulie. Wasio na kikombe wasiachwe waazime baada ya wenzao kunywa, kwa sababu ndipo magonjwa ya kuhara yanapopita. Tunza vikombe vya plastiki kumi vya shule na maji ya kuvisuuzia. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kiwe njiani kati ya vyoo na foleni, kisiwe nyuma ya jengo ambako hakuna anayepita.

Saa 5:00 rudi kwenye Kiingereza. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu ana silaha nzuri: anajua kwamba kila irabu inasomwa, na silabi inaishia kwa irabu. Kiingereza kinamgeuka. Anasoma time kama "ti-me", make kama "ma-ke", bread anaiongezea irabu ili iweze kutamkika. Hafai kuchekwa, maana anafuata kanuni aliyofundishwa vizuri. Kinachosaidia ni kumwonyesha maneno mawili mawili: tap na tape, kit na kite, not na note, cub na cube. Andika la kwanza, lisomwe. Ongeza e kwa chaki ya rangi, useme kwamba hiyo e haisemi chochote ila inaibadilisha irabu iliyoitangulia. Futa e, wasome. Irudishe, wasome. Mara kumi, haraka, darasa zima, kisha dawati moja moja. Siku mbili za kwanza usiguse have, come wala give, ambayo yanavunja kanuni. Yakijitokeza, yaandike kwenye manila yake ya pembeni na useme ni maneno ya kukariri. Jozi nne kwa kipindi kimoja zinatosha. Ukiweka kumi, watakariri umbo la orodha na kesho ukibadilisha mpangilio hawasomi kitu.

Na hapo ndipo siku inapopanda. Mara nyingi ni siku ya tatu au ya nne, unapoandika neno ambalo hukulifundisha, labda hole, na mkono mmoja wa nyuma unainuka, halafu mitano, halafu msichana mwenye miaka 14 aliyekaa kimya tangu Februari anamrekebisha jirani yake kwa Kiswahili: "Hapana, hiyo ya mwisho haisomwi." Ukisikia mtoto anamfundisha mwenzake kanuni kwa maneno yake, somo limeingia. Simama, usikimbilie zoezi. Mwache aieleze mbele. Inachukua dakika moja, na hakuna zana ya kufundishia inayoizidi.

Mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Septemba hadi Novemba, inapenda kuja mchana. Juu ya mabati yasiyo na dari, sauti ya mwalimu haifiki dawati la pili. Kupiga kelele ni kuharibu koo bure. Kila mwalimu awe na kipindi kimoja cha mvua kilichoandaliwa tangu Jumatatu: kazi isiyohitaji kusikia. Maumbo ya kuchora na kupima kwa rula, ramani ya Uganda ya kunakili na kujaza maziwa, hesabu nne za ubaoni, picha ya Sayansi ya kuandika majina ya sehemu. Wahamishe walio chini ya matundu, madaftari yaingie kwenye mfuko wa plastiki. Toa maelekezo kwa mikono. Ishara tatu zinatosha mwaka mzima: kiganja juu ni kimya, vidole viwili ni fanyeni wawili wawili, ngumi ni fungeni madaftari. Zifundishe siku ya jua, siyo siku ya mvua.

Baada ya saa 8:00 ni bondeni. Joto, posho (ugali) na maharagwe kwa waliokula, na kwa wasiokula usingizi wa njaa: kichwa juu ya dawati, kuomba ruhusa ya kunywa maji kila mara, kichwa kuuma. Usifundishe hesabu mpya hapa. Sayansi ya kushika na kutazama itoke nje chini ya mti: mizizi, aina za udongo kwenye chupa ya maji, wadudu. Maarifa ya Jamii yaende kwa ramani iliyochorwa ardhini kwa fimbo. Mtoto anayetetemeka juani ana homa. Asipewe kidonge chochote na mwalimu, apelekwe kituo cha afya akisindikizwa na mtu mzima au ndugu mkubwa, na jina liandikwe. Msichana aliyeketi wakati wenzake wamesimama, na hataki kuinuka, apelekewe mwalimu mlezi wa kike bila kuulizwa mbele ya watu. Sketi mbili za akiba na pedi kwenye kabati la shule zinamrudisha darasani siku hiyohiyo.

Ni katika vipindi hivi vya mwisho ndipo fimbo inapotamaniwa. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, nami nasema hata kama yasingepiga, fimbo haifundishi kukopa wala kusoma. Wengi wa watoto hawa wamekwisha kuona mikono iliyoinuliwa. Fujo ya saa 9:00 karibu kila mara ina sababu inayoonekana: kazi imekwisha mapema kwa baadhi, maelekezo hayakueleweka, au watano wanagombea penseli moja. Waliomaliza wawe na kazi ya ziada ubaoni kulia. Penseli moja mpya ikatwe vipande viwili, na wembe mmoja tu ukae mezani kwa mwalimu, maana kila wembe ulioko mfukoni mwa mtoto utamkata mtu. Mwenye kelele mhamishe dawati bila hotuba. Ukitaka kimya, shusha sauti yako na inua kiganja. Ukipaza, nao watapaza.

Sasa kusahihisha, ambako ndiko mgongo wa mwalimu unakovunjikia. Mazoezi manne kwa siku, watoto 110, dakika moja kila daftari: ni dakika 440, yaani saa saba na dakika 20. Hakuna binadamu anayeziweza baada ya kufundisha. Ndiyo maana unaona madaftari yenye alama ya vema ukurasa mzima ambayo hayakusomwa, na mtoto amebeba kosa lilelile kuanzia Februari hadi Desemba. Afadhali daftari moja lililosomwa kweli kuliko kumi yaliyopigwa vema.

Punguza maswali kwanza. Hesabu nne zinatosha: mbili zinazofanana na mfano, moja yenye mtego, kama sifuri kwenye makumi, na moja ya maneno. Hesabu kumi zinazofanana hazikuambii zaidi ya mbili. Pili, sahihisha wakiwa wanaandika. Ukipita kati ya madawati na biki nyekundu, tumia sekunde ishirini kwa swali la kwanza tu la kila mtoto. Wewe na msaidizi mkigawana darasa nusu kwa nusu, mnalimaliza kwa dakika 18 au 19. Aliyekosea la kwanza anajirekebisha kabla ya kuharibu mengine matatu. Tatu, tahajia na maswali ya jibu moja yasahihishwe na watoto: dawati hadi dawati, kamwe siyo ndani ya dawati moja, kwa sababu marafiki hulindana. Andika majibu ubaoni, wapige vema kwa penseli, hakuna kuandika matusi wala mikasi mikubwa. Wewe chukua daftari moja kutoka kila dawati la tatu ukague ukweli.

Nne, hapa zile namba zinafanya kazi yake kubwa. Kila jioni chukua madaftari ya mtoto wa siku tu kutoka kila dawati. Ni madaftari 22. Hayo yasome kikamilifu, dakika mbili kila moja, chini ya saa moja umemaliza, na kila mtoto anasomwa kwa makini mara moja kwa wiki. Usiandike jibu sahihi. Weka nukta nyekundu pale hatua ilipoharibika: kwenye safu ya makumi, kwenye e iliyosahaulika. Kesho asubuhi mtoto atafute mwenyewe nukta inasema nini, arekebishe chini yake. Pembeni uwe na karatasi yenye makosa matatu ya kawaida ya wiki hiyo, ukihesabu kwa vijistari. Kosa likitokea kwa watoto saba au zaidi kati ya 22, tatizo ni somo, lifundishwe tena kwa njia nyingine. Likitokea kwa wawili au watatu, waite kando wakati wa uji kwa dakika tano.

Kipimo hiki kina udhaifu wake. Mtoto asiyekuja siku ya namba yake anaweza kupita wiki mbili bila kusomwa. Weka alama ndogo kwenye rejista, na daftari lake liingie kesho yake.

Wapo watakaosema kazi yote hii kwa mshahara upi. Ni swali la haki. Mwezi Juni 2022 walimu wa msingi, pamoja na wa sanaa wa sekondari, waligoma baada ya nyongeza kubwa kupelekwa kwa walimu wa sayansi, na hoja yao haijazeeka. Nimeieleza siku kwa namna hii kwa sababu mwalimu anastahili kwenda nyumbani saa 11:30 akiwa na nguvu ya kupika na kulea wa kwake, na mifuko mitatu ya madaftari begani haimpi nafasi hiyo.

Kabla ya kufunga mlango, jaza daftari la kazi iliyofanyika. Wengi wanaandika "somo limefundishwa vizuri" ili mkaguzi aone mstari umejaa. Sentensi hiyo haitakusaidia kesho. Andika mada, idadi iliyokuwepo, kosa lililojitokeza na utakachofanya: "Kukopa kupitia sifuri. Waliokuwepo 96. Kati ya 22, wanane wamepata 275. Jumatano: vijiti tena, hatua ya pili taratibu, mfano 304 – 86." Kisha futa katikati ya ubao, andika zoezi la kesho upande wa kulia, na urudishe gunia juu yake.